Kutoka wodini hadi kwenye riwaya na skripti: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa madaktari, wauguzi, wakunga, matabibu na wafamasia wanaotaka kuandika riwaya, filamu au tamthilia, wawe bado wako kazini au wameshakata shauri la kuondoka. Majibu yanalenga zaidi Tanzania na Kenya.

Ni lazima niache kazi kwanza?

Hapana, na kwa wengi kuacha mapema ndiko kunakoua uandishi wenyewe. Margaret Ogola alikuwa daktari wa watoto Nairobi. Riwaya yake ya kwanza ilitoka mwaka 1994, mwaka uliofuata ikapata tuzo ya waandishi ya Jumuiya ya Madola kwa kitabu cha kwanza, upande wa Afrika, naye hakuacha udaktari. Khaled Hosseini, naye daktari, aliandika riwaya yake ya kwanza alfajiri kabla ya kwenda kuwaona wagonjwa huko California. Kitabu kilitoka 2003, na bado akaendelea kutibu kwa takriban mwaka mmoja na nusu. Adam Kay wa Uingereza, aliyekuwa daktari wa uzazi, ndiye aliyeondoka kabisa. Aliacha mwaka 2010, akaishi kwa kuandikia televisheni vichekesho, na kitabu kilichompa jina kikaja 2017. Tamthilia aliyoiandika kutokana na kitabu hicho ilionyeshwa na BBC mwaka 2022. Hesabu miaka hiyo kabla hujaandika barua ya kuacha kazi.

Kinachoharibika ni hiki: mtu anaondoka akiwa na wazo na sura tatu. Mwezi wa nne ada za watoto zinafika, mwezi wa sita anaandika kwa hofu, na hofu inamfanya aharakishe mwisho wa kitabu. Ushauri wetu ni uwe kwanza na mswada mmoja uliokamilika ambao umesomwa na watu wasiokujua, na akiba ya matumizi ya nyumbani ya miezi 12 mbali na ada. Pia uwe umeshazungumza na kituo kimoja au viwili vitakavyokupa zamu za pati taimu. Zamu mbili kwa wiki hulipa kodi ya nyumba, na hukuweka karibu na watu unaowaandika.

Nafanya zamu, nimechoka muda wote. Nitaandika saa ngapi?

Usijipangie saa, jipangie idadi ya maneno kwa wiki. Ratiba ya zamu hubadilika, na mwenye kujiwekea "kila siku saa 11 alfajiri" hushindwa wiki ya kwanza ya zamu za usiku, akajiona mvivu, akaacha. Maneno 400 kwa kikao, vikao vinne kwa wiki, ni maneno 1,600. Rasimu ya maneno 50,000 itakamilika kwa zaidi kidogo ya miezi saba.

Baada ya zamu ya usiku usiandike kitu kipya. Ubongo uliokesha hurudia maneno, na sentensi zinazokuja ni zile zilizozoeleka. Siku hiyo fanya kazi ya mkono: piga chapa ulichoandika kwenye daftari, sahihisha tahajia, hakiki majina ya wahusika na tarehe. Kazi ya kuunda iache kwa siku ya mapumziko, ukishalala.

Kuna kosa moja la wataalamu wa afya tunaloliona sana: kutafiti badala ya kuandika. Mtu anajua kusoma makala za kitaalamu, basi anazama humo wiki tatu kutafuta dozi ya dawa ambayo msomaji hataiuliza. Weka alama ya XX mahali pa taarifa usiyo nayo, endelea mbele, utazijaza zote kwa siku moja rasimu ikiisha.

Nina nini ambacho waandishi wengine hawana?

Si majina ya magonjwa. Hayo mtu yeyote atayapata kwenye simu. Ulicho nacho ni sikio. Umefundishwa kuchukua historia ya mgonjwa, na umejifunza kwa uzoefu kwamba anachokitaja mgonjwa akikaa kwenye kiti mara nyingi sicho kilichomleta. Mama anasema kichwa kinamuuma wiki ya tatu. Unaandika. Anasimama, anafika mlangoni, mkono uko kwenye kitasa, anageuka: "Na daktari, kuna kitu kingine kidogo tu." Hicho kitu kidogo ndicho kilichomtoa nyumbani. Mazungumzo mazuri ya riwaya na ya filamu yamejengwa hivyohivyo. Mhusika anazungumzia kichwa, na mzigo wake uko mlangoni.

Kwa nini ninachoandika kinasomeka kama faili la mgonjwa?

Kwa sababu faili limetengenezwa ili lifute karibu kila kitu ambacho hadithi inakihitaji. Faili linataka muhtasari, sauti isiyo ya mtu, na hitimisho mapema. Hadithi inataka mpangilio wa matukio, macho ya mtu fulani, na jibu linalochelewa. Chukua mfano huu wa kubuni:

*Mwanamke, miaka 22, mimba ya kwanza, wiki 35. Degedege mara mbili nyumbani. Presha 180/120. Protini kwenye mkojo +++. Hajitambui. Ameletwa na ndugu.*

Mtaalamu akisoma hapo anaona kifafa cha mimba na anajua la kufanya. Mwandishi anapaswa kusimama kwenye maneno matatu ya mwisho, "ameletwa na ndugu". Ndugu gani? Amekujaje? Ameshika nini? Hapo ndipo riwaya ilipo:

*Juma aliingia na kandambili moja, amembeba shemeji yake. Walimpokonya mikononi, wakamlaza, pazia likavutwa. Nesi alimwuliza jina la mgonjwa, akanyoosha kadi ya kliniki. Akaulizwa umri, akanyoosha kadi ileile. Mkono wa kushoto hakuufumbua. Nesi akamwambia, "Kaka, kaa pale." Ndipo vidole vilipolegea, na kijiko cha chai kikaanguka kikalia kwenye sakafu. Kilikuwa kimepinda, na meno yalikuwa yameacha alama. "Nilimwekea asijing'ate," alisema. Hakuna aliyemwuliza.*

Kijiko hakimo kwenye faili. Daktari aliyekiona alikisogeza kwa mguu akaendelea na kazi, na alifanya vizuri. Mwandishi anakiokota. Angalia pia kisichoandikwa: hakuna anayemwambia Juma kwamba mtu mwenye degedege hawekewi kitu mdomoni. Msomaji anayejua ataumia kimyakimya, asiyejua atajifunza baadaye kitabu kikiendelea. Ukikatiza hapo utoe elimu ya afya, umemtoa msomaji kwenye chumba.

Sasa tukio hilohilo kwenye skripti:

NDANI. MAPOKEZI, HOSPITALI YA WILAYA – USIKU

Mlango unasukumwa kwa bega. JUMA (19), kandambili moja mguuni, amembeba shemeji yake. Wauguzi wawili wanampokea na kupotea naye nyuma ya pazia. Juma anabaki amesimama mbele ya NESI.

NESI
Jina la mgonjwa?

Juma ananyoosha kadi ya kliniki.

NESI
Miaka?

Ananyoosha kadi ileile. Mkono wa kushoto ameufumba.

NESI
Kaka, kaa pale.

Ngumi inafumbuka. Kijiko kilichopinda kinaanguka kwenye saruji. Nesi anaacha kuandika.

JUMA
Nilimwekea asijing'ate.

Sentensi "hakuna aliyemwuliza" imekufa, kwa sababu kamera haiwezi kuipiga. Kazi yake imechukuliwa na nesi anayeacha kuandika. Fanya zoezi hili kwa matukio kumi ya kubuni, faili kwanza, halafu riwaya, halafu skripti, na utajua mwenyewe mkono wako umeelemea wapi.

Ninaruhusiwa kuandika kuhusu wagonjwa wangu?

Ugonjwa uliouona ni siri ya aliyeuugua, na siri hiyo haiishi mgonjwa akipona, akihama au akifariki. Sheria nazo ziko wazi: Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na zote zinaziweka taarifa za afya katika kundi nyeti. Juu ya hapo kuna maadili ya baraza lako la taaluma, ambalo linaweza kukuita hata kama hakuna aliyekwenda mahakamani.

Wengi hudhani kubadilisha jina kunatosha. Hakutoshi hata kidogo. Mtu hutambulika kwa vitu vitatu: uadimu wa ugonjwa, mahali na wakati, na jambo la kifamilia. Ukiandika "mwalimu wa Kondoa aliyejifungua watoto wanne kwa mpigo", jina la kubuni halimfichi. Mji mzima unamjua. Vunja ndoano zote tatu. Badilisha ugonjwa kwa mwingine wenye uzito uleule kwenye hadithi. Hamisha mahali na sogeza miaka. Changanya watu kadhaa katika mhusika mmoja, kisha mpe historia, kazi na kosa ambalo hakuna hata mmoja wao aliyekuwa nalo. Halafu jipime kwa swali moja: jirani wa mgonjwa, au yeye mwenyewe, akisoma ukurasa huu, atasema "huyu ni fulani"? Kama unasita, rudia.

Usichukue chochote kutoka kwenye faili, usipige picha kadi wala eksirei, usinukuu barua ya rufaa. Daftari lako la uandishi liwe na ulichokihisi na ulichokiona chumbani, bila majina, namba wala tarehe. Simu zinapotea, na kundi la WhatsApp la zamu si mahali pa kuhifadhia vichocheo vya hadithi.

Ruhusa ya mgonjwa je? Inafaa kwa maandishi ya kweli, kama makala au kumbukumbu, na iwe ya maandishi, iombwe mtu akiwa hayuko tena mikononi mwako. Anayesubiri umwandikie dawa hawezi kukukatalia, kwa hiyo ndiyo yake haina uzito. Na mpe asome kile ulichoandika kabla hakijatoka.

Kwa riwaya tunashauri njia iliyo salama na, kwa maoni yetu, nzuri zaidi: buni. Riwaya ya kwanza ya Ogola inafuata vizazi vya wanawake wa Kiluo, na hospitali si ukumbi wake mkuu. Hakuna sheria inayomlazimisha daktari kuandika kuhusu madaktari.

Na kuhusu wenzangu na hospitali yangu?

Tunga hospitali na iweke kwenye mji wa kubuni, au kwenye mji mkubwa wenye hospitali nyingi. Mganga mkuu mla rushwa katika "hospitali ya mkoa" ya mkoa wenye hospitali moja ya namna hiyo ni mtu halisi machoni pa wasomaji, na kesi ya kashfa inaweza kufuata. Soma mkataba wako wa ajira: tafuta kipengele cha kazi za nje na kile cha kuzungumza na vyombo vya habari. Jina la bandia husaidia kutenganisha kazi mbili, na mwandishi Mmarekani Michael Crichton alilitumia alipokuwa bado mwanafunzi wa udaktari Harvard, akiandika kama John Lange na Jeffery Hudson. Lakini jina la bandia halimfichi mgonjwa. Linakuficha wewe tu.

Niandike kwa Kiswahili au Kiingereza?

Ulisoma udaktari kwa Kiingereza, na huenda ndicho kinachokujia haraka. Ila wagonjwa wako hawakuugua kwa Kiingereza. "Moyo unanienda mbio." "Tumbo linanisokota." "Nina kichomi." "Nasikia kama mdudu anatembea kichwani." "Mwili umekuwa si wangu." Umesikia maneno haya maelfu ya mara na ukayageuza kuwa istilahi kwa sekunde moja. Sasa fanya kinyume chake: yaache kama yalivyosemwa. Hiyo ni hazina ambayo mwandishi aliyekaa mezani hana.

Istilahi za kitaalamu zitumike pale wataalamu wanapozungumza wao kwa wao, na zisifafanuliwe ndani ya mazungumzo. Daktari hamwambii daktari mwenzake "kama unavyojua, presha ikipanda mno mjamzito anaweza kupata kifafa". Weka mtu asiyejua, ndugu au daktari mtarajali wa wiki ya kwanza, aulize swali la kweli. Istilahi moja mpya kwa ukurasa inatosha.

Upande wa soko, Kiswahili kina milango yake. Tuzo ya Kiswahili iliyoanzishwa 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, baadaye Safal-Cornell, hupokea hata miswada isiyochapishwa. Tanzania kuna Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyotolewa mara ya kwanza Aprili 2023, na Kenya Tuzo ya Jomo Kenyatta ina nafasi ya vitabu vya Kiswahili. Soma masharti ya mwaka husika: idadi ya maneno na tarehe ya mwisho hubadilika, na mswada uliozidi kiwango hutupwa kabla haujasomwa.

Nianze na riwaya au skripti?

Riwaya unaweza kuimaliza peke yako. Skripti ni mchoro wa nyumba ambayo wengine wataijenga, na isipojengwa hakuna atakayeiona. Skripti iliyozaa ER, tamthilia ya Marekani ya hospitalini, aliiandika Crichton mwaka 1974 kutokana na aliyoyaona idara ya dharura. Ilifika kwenye televisheni 1994. Kama wewe ni mtu wa taswira na mazungumzo, na unavumilia mwongozaji kukata sini unayoipenda, anza na skripti ya filamu fupi ya dakika 10. Kama unapenda yanayopita ndani ya kichwa cha mtu, anza na riwaya au hadithi fupi. Njia ya tatu ni safu ya gazeti: Yusuf Dawood, daktari wa upasuaji wa Nairobi, aliandika safu yake kwenye Sunday Nation kwa miongo kadhaa, sambamba na riwaya. Safu inakufundisha kumaliza kitu kila wiki.

Skripti inakaaje kwenye karatasi?

Herufi za Courier ukubwa wa 12, ukingo wa kushoto karibu sm 3.8 kwa ajili ya kutobolea, na ukurasa mmoja hukadiriwa kuwa dakika moja ya filamu. Ndiyo maana herufi hazibadilishwi: ukitumia ndogo, mtayarishaji anapiga hesabu ya bajeti isiyo ya kweli. Filamu ndefu huwa na kurasa 90 hadi 110. Kipande cha tamthilia kwenye nafasi ya nusu saa huwa na kurasa 22 hadi 26, kwa sababu muda uliobaki ni wa matangazo.

Kila sini huanza na kichwa cha ndani au nje, mahali, na wakati. Maelezo huwa ya wakati uliopo, mistari mitatu au minne kwa aya. Jina la anayesema hukaa katikati, maneno yake chini yake. Programu ya Trelby ni ya bure na inapanga haya yenyewe. Celtx na Final Draft hulipiwa.

Kabla ya skripti, watayarishaji wengi wataomba wazo kwa sentensi moja, muhtasari wa ukurasa mmoja, na kwa tamthilia, maelezo ya wahusika wakuu pamoja na mwelekeo wa vipande 13 au zaidi. Hapa ndipo wataalamu wa afya hufeli: wanaandika mada ("tamthilia kuhusu vifo vya uzazi") badala ya mtu na tatizo lake ("mkunga aliyefukuzwa kazi anaanza kuzalisha nyumbani kwake, na mgonjwa wa kwanza ni binti wa aliyemfukuza"). Mada haiwezi kuigizwa.

Jihadhari pia na gharama. Wodi ya vitanda 20 inahitaji watu 20 wa kulala humo siku nzima na kulishwa. Sini ileile chumba cha daktari, watu wawili na mlango, itakuwa nafuu na mara nyingi itakuwa na nguvu zaidi.

Naweza kuanza kama mshauri wa kitabibu wa filamu?

Ndiyo, na ni mlango mzuri. Unasoma skripti, unaandika masahihisho, na siku za kupiga sini za hospitali unakuwepo. Makosa utakayoyakuta ni yaleyale. Mashine inaonyesha mstari ulionyooka na daktari anapiga shoti ya umeme: moyo uliosimama kabisa haupigwi shoti, shoti ni ya moyo unaotetema ovyo. Kifua kinabonyezwa taratibu kwa mikono iliyopinda viwiko, wakati kinatakiwa mikandamizo 100 hadi 120 kwa dakika, kina cha sm 5 hadi 6 kwa mtu mzima, mikono imenyooka. (Usikubali kamwe lifanyike hivyo kwa mwigizaji aliye hai, tumia sanamu ya mafunzo, kamera ikate.) Kitambaa chenye dawa kinamzimisha mtu kwa sekunde mbili. Mgonjwa aliyekuwa hajitambui kwa mwezi anaamka na kudai urithi. Mtoto mchanga ana miezi mitatu. Damu inatundikwa bila mtu kupima kundi.

Ila usiwe mkaguzi. Mwandishi anahitaji suluhisho linalolinda drama yake, kwa hiyo kila unapofuta, pendekeza. Mhusika anahitaji kufa ghafla mbele ya mkewe? Mpe ugonjwa unaoua hivyo. Tena, usahihi wa filamu zetu haupatikani kwenye mashine peke yake. Upo kwa ndugu aliyelala kwenye mkeka nje ya wodi, chupa ya uji, beseni chini ya kitanda, karatasi ya vitu vya kununua famasi ya nje, foleni ya dirisha la malipo. Hivyo vikikosekana, mtazamaji wa Tandale au Kisumu anajua mara moja kwamba hii hospitali imekopwa kwenye filamu ya watu wengine.

Dai malipo kwa skripti au kwa siku, na jina lako liwekwe mwisho wa filamu. Hilo ndilo litakalokuletea kazi ya pili.

Mchapishaji atanipokea vipi?

Kwanza tazama anachochapisha. Nyumba nyingi Afrika Mashariki hutegemea vitabu vya shule, na fasihi huingia kwa uangalifu. Tuma kwa wale wanaotoa riwaya, kama Mkuki na Nyota Dar es Salaam au East African Educational Publishers Nairobi, kwa kufuata maelekezo yao: barua ya ukurasa mmoja, muhtasari unaotaja mwisho wa hadithi, na sura za mwanzo. Mswada uwe na nafasi mbili kati ya mistari, kurasa zenye namba. Wape miezi mitatu hadi sita kabla ya kuulizia.

Mrabaha, yaani mgawo wako kwa kila nakala inayouzwa, mara nyingi ni asilimia 10. Swali ni asilimia 10 ya nini. Ya bei ya dukani, au ya kile anachobaki nacho mchapishaji baada ya punguzo la muuzaji? Kitabu cha shilingi 15,000 kikiuzwa kwa duka kwa punguzo la asilimia 40, mrabaha wako ni shilingi 1,500 kwa hesabu ya kwanza, na 900 kwa ya pili. Angalia pia hesabu hutolewa mara ngapi kwa mwaka, haki zinarudi kwako lini kitabu kikiisha madukani, na nani anashika haki ya filamu. Haki ya filamu usiiachie kwenye kitabu cha kwanza kwa sababu tu ya furaha ya kukubaliwa.

Ukichapisha mwenyewe, kosa la kawaida ni kulipia nakala 1,000 na kutolipia mhariri. Anza na nakala 200, na fedha iliyobaki impe mhariri asiye daktari.

Wazo langu likiibwa?

Sheria inalinda maandishi, hailindi wazo. Hakimiliki inaanza pale unapoandika, na Tanzania na Kenya hudumu maisha yako na miaka 50 baada ya kufa. Kusajili kwenye taasisi ya hakimiliki kunasaidia ushahidi: COSOTA kwa Tanzania Bara, COSOZA kwa Zanzibar, KECOBO kwa Kenya. Tuma skripti kwa barua pepe, ukitaja toleo na tarehe, usiikabidhi kwa mkono hotelini.

Mtayarishaji akitaka kushikilia riwaya au skripti yako akitafuta fedha, mpe haki ya muda, tuseme miezi 12 hadi 18, kwa malipo, na irudi kwako muda ukiisha. Malipo ya skripti yagawanywe: wakati wa kusaini, rasimu ya kwanza, rasimu ya mwisho. Taja idadi ya marekebisho, mawili yanatosha. Ya tatu yalipiwe. "Tutakulipa filamu ikiuzwa" maana yake wewe ndiye mfadhili wa filamu.

Tunaweza kupiga filamu hospitalini?

Kwa kibali. Tanzania Bara Bodi ya Filamu huhitaji skripti kabla ya kutoa kibali cha kupiga picha, na hospitali nayo ina uongozi wake wa kuombwa. Wodi yenye wagonjwa halisi isipigwe kabisa, hata kwa nyuma, hata kwa ukungu. Jengo lisilotumika au zahanati siku ya Jumapili hufaa, mradi mabango yenye majina halisi yafunikwe.

Leseni yangu niifanyeje?

Ihuishe kila muda wake unapofika na ukusanye pointi za mafunzo endelevu, hata kama huoni mgonjwa kwa sasa. Kuhuisha ni ada na mafunzo ya siku chache. Kufufua leseni iliyolala miaka ni mlolongo mrefu zaidi, na wakati mwingine ni kufanya kazi chini ya uangalizi wa mtu uliyewahi kumfundisha.

Kuandika kunanirudishia wagonjwa niliowapoteza. Niendelee?

Hutokea kwa wengi, hasa wa uzazi, watoto na dharura, kwa sababu kazini hapakuwa na muda wa kulia. Ukiona usingizi umekatika, au unaikwepa wodi fulani tangu uanze sura fulani, iweke sura hiyo kando na uzungumze na mtaalamu wa afya ya akili kama ambavyo ungemshauri mgonjwa wako. Sura itasubiri. Andika sehemu nyingine ya kitabu, soko, harusi, safari ya basi, na urudi pale ukiwa na umbali. Ikiwa lengo la ukurasa ni kujisafisha lawama, mwonyeshe kwanza mtu unayemwamini. Msomaji hulisikia hilo mara moja, na si haki kwa marehemu.

Niandike "Dkt." kwenye jalada?

Kwenye kitabu cha afya, ndiyo. Kwenye riwaya, hapana. Weka taaluma yako kwenye maelezo ya mwandishi jalada la nyuma, mstari mmoja. Kwenye filamu, cheo kinakaa tu pale ulipotajwa kama mshauri wa kitabibu.